Mtoto Asiyesali Nyumbani Atasalishwa Njiani

Wanangu wa Kasanda, na ninyi mliotawanyika Kahama, Geita na Dar es Salaam, nina neno nanyi. Kaeni chini mnisikilize. Nimewapakata wengi wenu mkiwa wachanga, kwa hiyo sitaomba ruhusa ya kusema.

Siku hizi naingia katika nyumba zenu nakuta Biblia ipo, lakini sala haipo. Biblia imeviringishwa kitambaa, imewekwa juu ya kabati pamoja na kadi za kliniki na risiti za mbolea. Jumapili asubuhi inashushwa, inapanguswa vumbi, inakwenda kanisani na kurudi palepale. Mtoto anakua akijua kwamba kile ni kitabu cha kubeba kwapani.

Wanangu, kitabu kisichofunguliwa hakimkemei mtu. Wala hakimfariji.

Nawasihi: fungueni Maandiko nyumbani, jioni, watoto wakiwa wamekaa. Fanyeni hivyo wangali wadogo. Mtoto asiyesali nyumbani atasalishwa njiani, na huko njiani hamjui ni nani atakayemsalisha.

Mnadhani imani ilishika huku Uha, kwetu sisi Waha, kwa sababu ya majengo? Majengo yalikuja polepole. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS kutoka Australia walifika Kibondo na Kasulu. Mapadre Weupe walikuwa na misheni yao Kabanga, na Wasabato wakajenga Heri. Hesabuni wenyewe: padri mmoja kwa milima mingapi? Mchungaji mmoja kwa vijiji vingapi? Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, ilianzishwa mwaka 1966. Kabla ya hapo Waanglikana wa huku walikuwa wakingoja askofu afunge safari ndefu kuja kuwabariki watoto wao.

Sasa niambieni, siku zile zote ambazo padri hakuja na mchungaji hakuja, nani alisali na watoto? Walisali mama zenu na bibi zenu. Walisali makatekista na wainjilisti waliokuwa wakulima kama sisi, wenye jembe asubuhi na kitabu jioni.

Kumbukeni pia habari ya mkonge. Wanaume wa Kiha walikwenda kwa maelfu kuwa manamba kule Tanga. Walipanda gari moshi Kigoma, wakakata mkonge, na wengine walikaa miaka bila kurudi. Waliobaki kuwafundisha watoto kumwita Mungu walikuwa wanawake. Kwa hiyo binti yangu usiniambie, "Baba wa watoto yuko machimboni, nani atasimamia sala?" Simamia wewe. Timotheo aliyekuwa mwenzake Paulo hatusomi kwamba baba yake ndiye aliyemlea katika imani. Tunasoma habari za bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake wawili walimtosha.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma, mwaka 1972. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja kwenye mgomba wake, zikahamishiwa vijijini. Ukahama na mlango wako na mabati yako kama unayo, ukaanza upya kwenye kiwanja ulichoonyeshwa. Aliyekuwa hawezi kusali mpaka asikie kengele na kuona mnara alipata shida sana. Aliyezoea kusali na watoto wake alihama na sala yake.

Na majirani zetu Warundi mmewaona kwa macho yenu. Hapa kwetu tulikuwa na kambi ya Mtendeli mpaka ilipofungwa mwaka 2021, na ile ya Nduta kule Kibondo. Watu walikuja na godoro, sufuria na watoto. Wengi walikuwa wamepoteza shamba, ng'ombe na ndugu. Lakini jioni ungesikia familia zikiimba ndani ya mahema. Imani yao ilivuka mpaka kwa sababu ilikuwa imekaa ndani ya nyumba tangu zamani. Ile iliyokaa kanisani tu ilibaki kanisani.

Ndiyo maana nina hofu, wanangu. Sisi hatujafukuzwa na mtu. Tuko kwetu, tuna paa, tuna taa ya sola inayowaka mpaka usiku, na sala imetutoka tukiwa tumekaa.

Tazameni jioni zenu. Baba ameegemea ukuta, simu mkononi, anakagua mkeka wake wa kubeti kama timu ya Uingereza imefunga. Mama yuko jikoni. Kijana mkubwa ana simu yake na spika za masikioni. Mdogo anaangalia video asizoelewa. Kila aliyeshika simu anahubiriwa na mtu wake. Nyumba ni moja, na wahubiri ni watatu.

Mnaniambia, "Mzee, siku hizi mahubiri yapo kwenye simu na redio." Ni kweli. Redio Kwizera ya kule Ngara, iliyoanza mwaka 1995 wakati wa wakimbizi, imetufaa sana. Lakini redio haiwezi kumuuliza mtoto amesikia nini. Haiwezi kumwona akisinzia. Haijui kwamba leo amempiga mdogo wake na anaogopa kulala.

Nawaambia tena, na nitawachosha kwa kurudia: msiwaachie wenye vipaza sauti watoto wenu.

Yuko kijana mmoja wa kwetu, sitamtaja. Alikwenda machimboni Geita, mambo yakamwendea vibaya. Akawa anasikiliza mhubiri wa kwenye simu aliyesema kila anayetuma fedha atafunguliwa baraka. Akatuma. Akaambiwa imani yake ni ndogo, atume tena. Zilipokwisha za kwake akampigia mama yake, akamwambia anaumwa, auze mbuzi. Mama akauza mbuzi wawili. Kijana akatuma zote.

Nilipokutana naye nilimuuliza: "Katika Maandiko, ni wapi Petro aliuza uponyaji?" Akanyamaza. Hakujua kwamba Simoni mchawi alitaka kununua karama kwa fedha na Petro akamkemea vikali. Hakuwahi kuisoma habari hiyo. Iko katika Matendo ya Mitume, sura ya nane, dakika tano tu za kusoma. Angeisikia nyumbani kwao jioni moja akiwa na miaka kumi, leo wale mbuzi wangekuwa zizini.

Huyo alipoteza mbuzi. Wako waliopoteza zaidi.

Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana. Walikuwa katika mkutano wa maombi, na walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walitoka nyumbani wazima, wakienda kutafuta baraka.

Kule Kanungu, Uganda, mwezi Machi mwaka 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi wao walikuwa wamewaaminisha kwamba dunia inakwisha. Waliingia na watoto wao.

Na Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, makaburi yalifukuliwa msituni na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Watu walikuwa wameambiwa wafunge wasile mpaka wafe, ndipo wakutane na Yesu. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Wanangu, mtoto mdogo aliyelia njaa alinyimwa chakula kwa jina la Mungu!

Hata huku kwetu Kigoma hatujasalimika. Mnawajua wale wanaoitwa kamchape, au lambalamba, wanaopita vijijini wakidai wanatoa uchawi majumbani. Wanachangisha fedha na kunyooshea vidole wazee kama mimi. Na wanaowakaribisha, wengine Jumapili wako kanisani wakiimba. Mtu anayesali kweli na watoto wake hamwogopi jirani yake kiasi cha kumlipa mgeni aje kumtukana.

Msinielewe vibaya. Waliokufa Moshi na Shakahola siwacheki. Walikuwa watu wenye kiu, na kiu si dhambi. Nawalilia wao na watoto wao. Ninachosema ni kwamba mwenye kiu asiyejua kisima cha kwao atakunywa popote.

Tena mkumbuke, Shetani naye anajua kunukuu. Alipomjaribu Yesu jangwani alimpandisha juu ya kinara cha hekalu na kumtolea maneno ya Zaburi ili ajitupe chini. Yesu alimjibu kwa Maandiko yaleyale. Alikuwa ameyajua tangu utoto wake Nazareti, na alipokuwa na miaka kumi na miwili alikutwa hekaluni amekaa na walimu, anasikiliza na kuuliza maswali. Angalieni hapo: anauliza! Mtoto aliyezoea kuuliza nyumbani hataona aibu kumuuliza nabii wa uongo. Mtoto aliyezoeshwa kuitikia amina tu ataitikia amina hata akiambiwa afe.

Basi mtauliza: "Mzee, tufanyeje?" Nitawaambia, na si kazi kubwa.

Kwanza, chagueni saa. Msingoje mpaka mmalize kula. Mtoto aliyetoka shambani na shuleni, akishashiba ugali wa muhogo, atasinzia, nawe utamfokea, na sala itakuwa ugomvi. Salini wakati maharage yanatokota. Maharage yetu mnayajua, hayana haraka. Hapo mna nafasi ya kutosha, na hata mama aliye jikoni anaweza kukaa mlangoni, jicho moja kwenye chungu.

Pili, iwe fupi. Dakika kumi na tano zinatosha. Msihubiri. Baba anayehubiri kila jioni watoto wake hujifunza kumkwepa.

Tatu, anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16, na habari zake zinakwenda mbio, watoto wanazipenda. Someni kipande kidogo tu. Mkimaliza nendeni kwenye Mithali, ina sura 31, na mwezi mrefu una siku 31. Kama maneno ya Biblia ya Union ya mwaka 1952 ni mazito kwa wadogo, tafuteni ya Habari Njema, Kiswahili chake ni chepesi.

Nne, asome mtoto. Huyu wa darasa la tatu anayesoma kwa kukokota silabi, mpeni asome. "A-ka-wa-a-mbi-a..." Mngojeeni. Asicheke mtu. Kaka yake akicheka, mnyamazisheni kaka. Mtoto aliyesoma neno la Mungu kwa kinywa chake mbele ya baba yake halisahau upesi. Na shuleni mwalimu atashangaa kusoma kwake kumekuwaje kuzuri.

Tano, ulizeni. Nani yumo katika habari hii? Amefanya nini? Na sisi hapa kwetu tufanye nini kesho? Mkiulizwa jambo msilolijua, semeni hamlijui, mtamuuliza mchungaji, katekista au mzee wa kanisa. Hilo litamfundisha mtoto kwamba hata baba huwa anauliza.

Sita, kila mtu aombe, na aombe kitu kinachoonekana. Mmoja amshukuru Mungu kwa mbuzi aliyezaa. Mwingine amwombee bibi anayeumwa goti. Wa darasa la saba auombee mtihani wake. Aombe kwa Kiha kama Kiha ndicho kinachomtoka moyoni. Mungu hakusomea shule moja na mwalimu wenu wa Kiswahili.

Saba, kabla ya kusema amina, mtengeneze yaliyoharibika mchana. Wazee wetu wa Uamsho, ule uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 na kuenea mpaka huku, walikuwa hawalali na kinyongo. Mtu alisimama mbele ya wenzake akasema, "Nimekukosea, nisamehe." Baba, kama leo umemtukana mkeo mbele ya watoto, usimwombee mkeo abadilike. Mwombe msamaha. Watoto watasahau mahubiri mengi, lakini jioni ile baba aliomba msamaha hawataisahau.

Ninyi Wakatoliki, mna rozari na mna jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kuzipa kipaumbele. Msiifanye jumuiya kuwa siku ya michango tu. Ninyi Wasabato, mna Ijumaa jua likizama, mnafungua Sabato pamoja na watoto. Shikeni hapo, na siku nyingine za wiki msizitupe. Na jirani zetu Waislamu tuwaonee wivu mwema: mtoto wao mdogo anatumwa chuoni kila siku, na anajua sura zake kwa moyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sisi wetu tunamngoja akue.

Sasa nisikilizeni kwa mambo mawili ninayoyaogopa.

La kwanza, fimbo. Wako wanaowapiga watoto kwa sababu hawakukariri aya. Mwanangu, usifanye hivyo. Anayepigwa kwa ajili ya sala atamchukia Mungu kwa mgongo wake. Akisinzia, mwache asinzie. Akikataa kuomba leo, ataomba kesho. Wewe endelea tu.

La pili, unafiki. Usisome jioni habari ya kutokuiba, kisha asubuhi ukasogeza mpaka wa shamba la mjane. Mtoto anaona. Mtoto hasikii sala ya baba, anaiona.

Mkumbukeni Eli. Alikuwa kuhani, mtu wa madhabahuni, akiwaombea Israeli wote. Wanawe wawili, Hofni na Finehasi, walikulia palepale Shilo, pua zao zimejaa moshi wa sadaka, na Maandiko yanasema hawakumjua Bwana. Waliiba nyama ya sadaka. Walifanya machafu mlangoni pa hema. Eli aliwasema, lakini alichelewa, nao walikuwa wameshakuwa wanaume. Wakafa wote wawili siku moja, vitani, na sanduku la Bwana likatekwa. Eli aliposikia akaanguka kutoka kitini, akavunjika shingo.

Kama kuhani aliweza kupoteza watoto akiwa ndani ya nyumba ya Mungu, wewe unayewapeleka kanisani Jumapili saa mbili tu unajiamini nini?

Ninyi mlio mbali, mliopanga chumba kimoja Dar es Salaam au Kahama, msiseme nafasi hakuna. Chumba kimoja kinatosha, kitanda kimoja kinatosha kukalia watu wanne. Na wewe uliye machimboni, simu hiyohiyo ya mkeka inaweza kupiga nyumbani jioni. Waambie waweke spika, usome aya mbili, umwombee kila mtoto kwa jina lake. Watoto wako wakusikie ukiwataja mbele za Mungu, wasikusikie tu ukiuliza kama fedha imefika.

Najua mtaanza na mtaacha. Mvua itanyesha, msiba utatokea, mavuno yatawachosha. Mkiacha, anzeni tena bila kutafuta sababu. Aliyeacha sala juzi na akaanza leo, leo anasali.

Wanangu, siombi kitu kikubwa. Siwaombi fedha, wala mnijengee nyumba ya bati. Nawaomba dakika kumi na tano. Watoto hawa wataondoka, kama mlivyoondoka ninyi, na huko waendako watakutana na kila aina ya mtu mwenye Biblia mkononi. Wapeni cha kumpimia mtu huyo.

Leo jioni, maharage yakiwa motoni, shusheni Biblia juu ya kabati. Mwiteni mdogo kuliko wote, mumpe nafasi ya mbele. Fungueni Marko, sura ya kwanza. Mwanangu, anza leo. Usiseme kesho.